Mama akisema "namwachia Mungu" haimaanishi hajaelewa

SWALI: Dokta, mimi ni nesi Tanga, wodi ya watoto wachanga. Tuna kichanga aliyezaliwa mimba ikiwa ya wiki 28, altrasaundi imeonyesha damu imevujia kwenye ubongo, hali siyo nzuri. Mama keshaelezwa mara mbili, anajibu tu "namwachia Mungu". Wenzangu wanasema hajaelewa, arudiwe mpaka akubali. Bibi naye kaja na kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, anataka mtoto anyweshwe. Nifanyeje?

JIBU: Kombe tulimalize haraka. Mdomoni hapana, kwenye mpira wa kulishia hapana, utumbo wa wiki 28 bado haujakomaa na maji hayo hatujui yametoka wapi. Udi na ubani pia viishie nje, penye oksijeni hatutaki moto. Ila bibi usimfukuze, mwambie anawe mpaka kwenye viwiko, asimame pale kwenye inkubeta asome dua yake taratibu, na kombe mama akitaka anywe yeye sina ugomvi nalo.

Sasa hilo la "hajaelewa" ndo linanichosha, maana nalisikia kila wodi ninayoingia. Mtu kaambiwa mwanae anaweza kufa leo au kesho, mlitaka ajibu nini? Mara nyingi kaelewa kuliko mnavyodhani, alafu nyie mnamrudia na maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi kama vile kiziwi. Muulize, "Mama, unapomwachia Mungu unamwomba nini?" alafu nyamaza, nyamaza kweli, usishike simu. Mimi nimejibiwa apone, nimejibiwa asiteseke, na mmoja aliniambia hela ya rufaa hakuna na mume hapokei simu ndo maana kamwachia Mungu, sasa hapo dini iko wapi, huyo wa kupelekwa ustawi wa jamii.

Hospitali moja niliyofanya kazi tuliandika kwenye faili "mama hajapokea hali ya mtoto" siku tatu mfululizo, na saini yangu imo. Kumbe alikuwa anataka mwanae abatizwe, anaogopa kuuliza kwa sababu mlangoni tumebandika wageni hawaruhusiwi. Mtoto akafa usiku ule wa tatu. Na Kanisa Katoliki kwenye hatari ya kifo hata nesi anabatiza, hata nesi Muislamu, ilimradi akusudie kile Kanisa linachokusudia, maji yapite kichwani na maneno yake yasemwe, dakika moja tu imeisha! Kwa Waislamu kichanga aliyezaliwa hai akafa anapewa jina, anaoshwa, anasaliwa, kwa hiyo baba akija kumsomea adhana sikioni mpisheni.

Na madaktari wenzangu, "tumwombe Mungu tu" wakati neno "anaweza kufa" hujalitamka, hiyo siyo imani, unakwepa kazi.

Ila mtu asije akadhani kila anayetaja Mungu namfungulia mlango. Hawa manabii wa kwenye simu, mama anawekewa spika wodini anaambiwa mtoto keshapona, toa hiyo mipira, tuma sadaka. Na waganga wanaodanganya watu kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, tunaletewa mtoto kachelewa, akifa ndugu wanasema si mnaona, sindano hiyo. Shehe na padri wa kweli nimesimama nao kitandani mara nyingi tu, wananiuliza maswali, wanasubiri nimalize kazi ndo waombe. Huyo wa kwenye simu, nikisema nipeni niongee naye, anakata.