Mikroni 60 au 250? Zote sahihi

Ndugu, umeuliza kwa nini matone ya nozeli yako (ncha ya kupulizia) umeyapima mikroni 60, na mtengenezaji anasema 250; mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Nozeli ni ileile na hakuna aliyekosea. Wewe umepata wastani wa mikroni 60 kwa kuhesabu vichwa vya matone. 250 ya mtengenezaji ni ya ujazo, yaani nusu ya maji yote imo kwenye matone madogo kuliko hapo. Ujazo hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu: tone moja la mikroni 500 limebeba maji ya matone 1,000 ya mikroni 50. Ule ukungu unaokulowesha kope ni matone mengi, maji kiduchu.

Kwa modeli ya mgawanyo wa ukubwa wa matone anza na fomula ya Rosin-Rammler (1933, kumbe ilitungwa kwa vumbi la makaa ya mawe!). Ina namba mbili tu: X, kipenyo ambacho asilimia 63.2 ya ujazo iko chini yake, na q. Hiyo q ikiwa kubwa, matone yanakaribiana ukubwa. Ila usiiamini sana kwenye matone madogo kabisa, na kwa dawa ya shambani hayo ndiyo yanayopeperushwa na upepo kwa jirani. Hapo jaribu logi-nomo (mgawanyo ambao logi ya kipenyo hufuata mkunjo wa kengele), ulinganishe na vipimo vyako.