Je, ardhi ndiyo inayopanda kulifuata jiwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ipo nadharia isemayo uvutano haupo: kila kitu kinatanuka, na ardhi ndiyo inayopanda kulifuata jiwe nililoliachia. Programu ya simu ya kupima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, huonyesha 9.8 (mita kwa sekunde, kila sekunde) simu ikiwa mezani, na karibu 0 ikidondoka. Huo si ushahidi?

JIBU: Vipimo vyako ni sahihi. Ndani ya simu mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi. Meza huisukuma simu juu, kipande hubaki nyuma kidogo, springi zinapinda na namba inatokea. Simu ikidondoka, vyote huanguka sawia na springi hutulia. Einstein aliling'amua hili mwaka 1907: anayeanguka hausikii uzito wake. Kihisi basi hupima msukumo wa meza tu, na kwa kipimo hicho peke yake nadharia haithibitiki wala haiangushwi.

Huangushwa na Mwezi. Nusukipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371. Ili uso wake upande kwa 9.8, kila kitu lazima kiwe maradufu kila baada ya dakika 19 hivi. Hatuoni tofauti, watetezi husema, kwa kuwa hata rula zinatanuka, na hapo wamejikinga vizuri. Lakini Mwezi nao lazima utanuke kwa uwiano uleule, la sivyo tungeuona ukisinyaa. Nusukipenyo chake ni kilomita 1,737, kwa hiyo mchapuko usoni pake ungekuwa 9.8 × 1,737 ÷ 6,371, yaani 2.7. Uliopimwa ni 1.62. Kanuni ya Newton huifikia namba hiyo kwa sababu inahesabu tungamo, yaani kiasi cha maada, na la Mwezi ni sehemu 1 tu ya 81 ya lile la Dunia. Nadharia ya kutanuka haina pa kuliweka tungamo.

SWALI: Nawezaje kuipima 9.8 bila simu?

JIBU: Ning'iniza kokoto zito kwa uzi. Urefu, L, uwe mita 1 kutoka uzi unaponing'inia hadi katikati ya kokoto, si hadi kwenye fundo. Sentimita 1 ikikosewa, jibu linapotoka kwa asilimia 1. Livute pembeni kwa pembe ya chini ya nyuzi 10, uliachie, uhesabu mabembeo 20 ya kwenda na kurudi. Zitapita sekunde 40 hivi. Zigawe kwa 20 upate T, muda wa bembeo moja, kisha kokotoa 39.5 × L ÷ T²: jibu ndilo mchapuko. Unapoanzisha saa, sema “sifuri”. Ukisema “moja”, utakuwa umepima mabembeo 19, na jibu litaruka hadi karibu 10.9.