Kitabu ni cha 1975, hadithi ya tamthilia imewekwa 2018

Je, tamthilia ya Netflix iitwayo Forever inafuata kitabu chake tukio kwa tukio? Hapana, haifuati. Riwaya ya Judy Blume, Forever, ilitoka mwaka 1975 na wapenzi wanaosimuliwa humo ni Katherine na Michael wa New Jersey. Tamthilia ya Netflix ya mwaka 2025, yenye vipindi 8 na iliyobuniwa na Mara Brock Akil, imehamishiwa Los Angeles ya mwaka 2018, na wapenzi ni Keisha na Justin, vijana Wamarekani weusi. Kitabu nilikisoma katika nakala ya mtumba isiyo na jalada niliyoipata soko la Memorial hapa Moshi, kisha nikaitazama tamthilia hadi mwisho, na kwa maoni yangu badiliko kubwa si mji bali simu: kitabuni wapenzi wakitenganishwa na kazi za likizo husubiri barua, ilhali kwenye tamthilia mmoja akimfungia mwenzake namba, maumivu huanza papo hapo. Lililobaki ni wazo la Blume kwamba vijana waweze kupendana bila mtunzi kuwaadhibu kwa balaa. Hivyo aliyesoma kitabu asidhani ameshaujua mkondo wote wa tamthilia.