Nguzo iliyochomwa ikawa chokaa

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni baharia. Meli yetu ilipofunga Piraeus nilipanda treni hadi Athens, nikashuka Monastiraki. Pale uwanjani pana msikiti wenye kuba na baraza, ila hauna mnara. Nilitaka kuswali adhuhuri, nikaambiwa ni makumbusho ya vyombo vya udongo. Mgiriki mmoja akaniambia aliyeujenga alivunja nguzo ya hekalu, akaichoma apate chokaa. Yawezekana? – Baharia, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenigusa, maana baba yangu alikuwa mchoma chokaa Pangani. Sisi tulichoma matumbawe. Magogo hupangwa duara, mawe hurundikwa juu yake, moto hutiwa katikati, ukawaka usiku kucha. Jiwe likitoka hapo limekuwa jepesi. Ukilimwagia maji linafuka mvuke, linapasuka, linageuka unga mweupe. Marumaru ni ndugu wa tumbawe. Ikipata moto wa nyuzi 900 hivi nayo huwa chokaa, tena safi. Ndiyo sababu magofu mengi ya Wagiriki na Warumi yaliishia tanurini: jiwe liko papo hapo, limekwisha kuchimbwa, nani ataliendea tena mlimani?

Msikiti huo ulijengwa 1759 na Mustafa Agha Tzistarakis, liwali wa Athens zama za dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki. Masimulizi yanasema alivunja nguzo ya hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, lile lililokamilishwa na Hadrian, kaisari wa Roma, katika karne ya 2, lenye nguzo za mita 17. Wengine wanasema nguzo ilitoka katika maktaba ya Hadrian, ambayo magofu yake yamepakana na msikiti. Mimi niko na hawa wa pili. Hekalu liko mbali, karibu kilomita moja, na sisi tuliobeba mawe ya tanuri tunajua mtu huanza na jiwe lililo karibu. Lakini nguzo hiyo, popote ilipotoka, ilimponza: alivuliwa uliwali, kwa kuwa Waturuki wenyewe waliona kuivunja ni kufuru. Hilo husahauliwa sana, nami linaniuma likisahauliwa.

Sasa jengo lenyewe. Barazani ulipita chini ya kuba tatu ndogo. Ndani ni chumba kimoja cha mraba, hakina nguzo hata moja. Misikiti yetu ya kale ya pwani imejaa nguzo katikati kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa; wao walivuka kwa kuba. Juu ya kuta nne wanazikata pembe, mraba unakuwa pembe nane, na juu ya hizo nane ndipo kuba linapokaa. Na msikiti wote umeinuliwa juu ya maduka, ndiyo maana ulipanda ngazi.

Mnara ulibomolewa baada ya Wagiriki kujitawala. Jengo likapitia mengi: mwaka 1834 lilifanyiwa dansi ya kumheshimu Otto, mfalme wa Ugiriki, kisha likawa kambi ya askari, jela, ghala. Mwaka 1915 likakarabatiwa chini ya msanifu Anastasios Orlandos, na 1918 likawa makumbusho ya kazi za mikono. Vyombo vya udongo ulivyoambiwa ni mkusanyo wa Vasileios Kyriazopoulos.

Hata hivyo wakati mmoja sala ilirudi humo. Mwaka 1966 palitengenezwa kwa muda ili Saud, mfalme wa Saudi Arabia aliyekuwa ameondolewa madarakani, apate pa kuswali alipokuwa Athens.

Ukifika tena ukitaka kuswali, ulizia mtaa wa Votanikos. Msikiti rasmi wa Athens ulifunguliwa huko Novemba 2020, nao pia hauna mnara, kwa hiyo usiutafute kwa kutazama juu. Ukipata muda rudi Monastiraki, uingie ndani, usimame katikati, utazame zile pembe nane.