Si lazima ujue kuchora

Dada, umeuliza tiba ya sanaa itamfaa nini mtu asiyeweza hata kuchora kikombe. Itamfaa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi, wakawaacha dakika 45 wafanye watakavyo. Takribani robo tatu yao, kiwango cha kotisoli, ile homoni ya msongo, kilishuka mwilini. Waliozoea sanaa na wasioizoea, hakukuwa na tofauti ya maana.

Chukua daftari la zamani. Usichore kitu, chora ulivyoamka leo: mistari, duara, fujo tupu, sawa tu. Halafu tazama pale ulipokandamiza kalamu sana, ujiulize ulikuwa unawaza nini. Mimi binafsi udongo ndio hunituliza. Mikono ikichafuka, kichwa hupoa.

Ila tusidanganyane, kuchora peke yako sebuleni si tiba yenyewe, tiba ina mtaalamu wa kukaa nawe. Na kama hulali siku nyingi, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali kwanza. Rangi zitakusubiri.