Nikiachia aksileta, dizeli yangu haishuki: je, pampu imekufa?

Swali: Nina gari la dizeli la zamani, la gia za mkono, lisilo na kompyuta. Siku hizi nikiondoa mguu kwenye aksileta injini inabaki juu, na mara nyingine nalazimika kupitisha ncha ya kiatu chini ya pedeli niinyanyue ndipo mngurumo ushuke. Asubuhi inazidi. Fundi ameniambia pampu inayosukuma dizeli kwenye injini imekufa, nitafute nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue pampu bado. Maelezo yako yenyewe yanaitetea. Waya wa aksileta kazi yake ni kuvuta, kusukuma hauwezi. Kama mkono wa pampu, yaani kile kipande cha nje kinachovutwa na waya, ndio ungekuwa umekwama, kunyanyua pedeli kungelegeza waya tu na injini isingeshuka. Kwa kuwa inashuka, kinachong'ang'ania kiko kwenye pedeli au ndani ya waya. Magari yanayotumia fito badala ya waya, kama Mercedes nyingi za miaka ya 1970 na 1980, hesabu yake ni nyingine, maana fito husukuma pia.

Kabla ya kushika spana, lisiende barabarani hadi lipone. Tatizo hili likikukamata njiani, kanyaga klachi, toa gia, shika breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, sogea pembeni ndipo uzime. Usizime gari likiwa bado linakimbia: usukani unaweza kujifunga ukichomoa ufunguo, na kwa kuwa dizeli hupata nguvu ya kusaidia breki kutoka kwenye pampu ya vakyumu inayozungushwa na injini, injini ikizimika akiba hiyo huisha baada ya kukanyaga mara chache. Mngurumo utakaousikia ukitoa gia unatisha, lakini gavana, kidhibiti cha mzunguko wa injini kilicho ndani ya pampu, ina kikomo chake.

Sasa fungua boneti, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Chomoa waya kwenye mkono wa pampu. Usukume mkono huo kwa kidole hadi mwisho, kisha uuachie. Unatakiwa urudi kwa kishindo na kugonga skrubu ya kikomo cha chini. Sauti hiyo ya chuma kugonga chuma ndiyo unayoitafuta. Ukirudi hivyo kila mara, upande wa nje wa pampu ni mzima. Ukirudi kwa uvivu, angalia springi: nyingine huwa mbili, moja ndani ya mwenzake, na ya ndani ikikatika huioni mpaka uinamie. Angalia pia shina la mkono. Pale dizeli ikivuja kidogo hushika vumbi na kuwa tope gumu. Lisafishe kwa dizeli na brashi, kisha ujaribu tena. Uvujaji wenyewe ni oring (pete ya mpira) ya shina, na hiyo hubadilishwa bila kununua pampu.

Rudi kwenye waya, ukiwa bado umechomolewa. Mwenzako akanyage pedeli taratibu nawe ushike ncha kwa vidole. Utahisi kama unakwaruza. Nyuzi zinazokatika mojamoja huanzia pale waya unapoingia kwenye ganda lake la nje au unapopinda kwa ghafla, na uzi mmoja uliosimama unatosha kuzuia kurudi. Ganda likipita karibu na bomba la moshi, plastiki ya ndani huyeyuka na kuubana waya. Waya wa namna hiyo haulainishwi, unabadilishwa. Ningekusihi usimimine grisi nzito ndani yake: ikipoa inakuwa nzito zaidi, na huenda ndiyo sababu ya asubuhi zako kuwa mbaya, ikiwa kuna mtu alishaipaka. Pedeli nayo ina bushi yake. Itikise, na hakikisha kapeti haliigusi.

Asubuhi ina mshukiwa mwingine. Pampu nyingi zina kifaa cha kupandisha mzunguko injini ikiwa baridi, ama cha nta inayotanuka kwa joto la maji ya rejeta, ama kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi. Kikikwama, mkono wa pampu haufiki kwenye skrubu yake hata ukiachiwa. Dalili yake ni tofauti na yako: mngurumo husimama juu kidogo pale pale, hauning'inii na kushuka.

Jambo moja linalosahaulika ni maunti za injini, vile viegemeo vya mpira vinavyoishikilia. Zikichoka, injini huinama unapoongeza mafuta na kuuvuta waya yenyewe. Mwenzako apandishe mzunguko gari likiwa limesimama bila gia, nawe utazame injini inavyocheza.

Usipulizie dawa ya kusafisha kabureta kwenye njia ya hewa, kama wenye magari ya petroli wanavyofanya. Mwendo wa dizeli kama yako hupimwa kwa kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye pampu, na dawa hiyo ikiingia inageuka mafuta ambayo gavana haiyatawali. Usiguse pia skrubu ya pampu iliyofungwa kwa muhuri wa risasi.

Pampu utaishuku mkono ukigonga kikomo chake vizuri, waya ukiwa umechomolewa, na bado injini inachelewa kushuka. Hapo pengine ndani kuna kutu ya maji yaliyopita kwenye filta au gundi ya dizeli iliyolala muda mrefu, na kazi ni ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Na kama injini inaendelea kunguruma hata ukizima, huku ikitoa moshi mzito, inakula oili yake yenyewe, pengine kutoka kwenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini). Huo ni ugonjwa mwingine na ni wa hatari. Kaa kwenye breki, weka gia kubwa, achia klachi izimike.

Ukifunga waya mpya, acha ulegee milimita chache pedeli ikiwa juu, na uhakikishe pedeli ikifika chini mkono wa pampu unafika mwisho bila kulazimishwa. Kisha zungusha usukani pande zote mbili huku mwenzako akikanyaga na kuachia, uone hakuna kinachougusa waya chini ya dashibodi.