Hiki kinakwenda kwa nani?

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Asha,

Marahaba. Huku tu wazima. Mguu wa baba yako umepungua maumivu, jana alitembea mpaka mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, akarudi bila kuketi njiani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili usiku watu wamelala. Unasema umenunua ndoo tatu: ya kijani ya mabaki ya chakula, ya bluu ya plastiki, nyekundu ya mengineyo. Umewaeleza Hamisi na Rehema, umewachorea na picha, lakini wiki haijaisha kila ndoo ina kila kitu. Halafu gari la taka likapita, Hamisi akawaona vijana wanamimina ndoo zote tatu kwenye bodi moja, akakugeukia: "Mama, sasa tulikuwa tunatenganisha ya nini?" Ukakosa la kumjibu. Ndipo unaniuliza sisi tuliwafundishaje ninyi, na kama ipo haja ya kuwafundisha watoto jambo ambalo mtaa wenyewe haulifanyi.

Nianze na Hamisi. Mtoto wa miaka 7 akiuliza jambo la kweli akajibiwa kwa kuzugwa, safari nyingine hataliuliza. Mwambie ameona sawasawa: wamechanganya, na kutenganisha kwenu siku ile kulipotea bure. Kisha mwambie kuanzia sasa vya kuwapa wale vijana vitakuwa vichache, kwa sababu vingine vyote mtakuwa mmeshavipeleka kwa wenyewe.

Hapo kwenye "wenyewe" ndipo penye jibu langu. Sisi hatukuwa na ndoo tatu, tulikuwa na tenga moja nyuma ya jiko. Lakini nilipomwona mmoja wenu ameshika ganda au kopo anaangaza macho pa kulirusha, sikumwambia "tupa kule". Nilimwuliza, "Hiki kinakwenda kwa nani?" Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi wa jirani. Vichwa vya dagaa vilikwenda kwa kuku. Majivu yalikwenda chooni kukata harufu. Makapi ya chikichi baada ya kukamua mawese yalirudi jikoni kuwasha moto. Daftari lililojaa lilikwenda kwa mama muuza karanga, naye aliwapa kijikaratasi cha karanga kwa shukrani. Wewe ulikuwa na miaka minne kama Rehema alivyo leo, na tayari ulijua kwamba chupa ya soda si yetu. Ulikuwa ukimaliza kunywa unaikumbatia kwa mikono miwili kuirudisha dukani, kwa sababu bila chupa tupu mwenye duka hatoi soda nyingine. Hakuna aliyekuwekea darasa la mazingira. Ulijua tu kwamba yupo mtu anaingoja.

Mtoto mdogo hajali mambo ya "mazingira". Neno hilo ni kubwa, halina sura. Mbuzi ana sura. Mama wa karanga ana sura. Ndoo ya bluu haimwambii Rehema kitu, maana hajui plastiki ikishaingia humo inapokelewa na nani.

Na hili silo jambo jipya kwetu. Angalia tunavyopima vitu sokoni. Debe tunalopimia mahindi lilianza kama bati la mafuta ya taa. Sado ninayopimia dagaa, mpaka leo, lilikuwa kopo la rangi la lita 4. Watu walilipokea kopo baada ya rangi kwisha, wakalipa kazi, na jina la kopo likawa jina la kipimo. Waeleze watoto hadithi hiyo mkienda sokoni, waitafute sado kwa macho yao. Hamisi ataipenda.

Sasa utasema, Mama, mimi nimepanga vyumba viwili Tabora, sina mbuzi wala kuku. Ni kweli. Basi kazi ya kwanza ni kuwatafuta wapokeaji, nayo ifanyeni pamoja. Jioni moja tandika kiroba sakafuni, mwageni ndoo zote tatu (wewe ukiwa umeshaondoa kiwembe na vioo), halafu shika kimoja kimoja na kuuliza. Hiki kwa nani? Chupa ya maji yenye kifuniko kizima: huko kwenu wauza asali hawakosi, na asali ya Tabora nyingi naiona inasafiri kwenye chupa kama hizo hizo. Mwulize mmoja kama anazitaka, na anazitaka zikiwa zimeoshwa namna gani. Zilizobondeka zikusanyeni kwenye kiroba mpaka kijae, kisha kwa anayenunua plastiki kwa kilo. Makopo na misumari, kwa vijana wa vyuma chakavu. Ya alumini wekeni kando, yana bei yake, na Hamisi aelezwe kwa nini: kuyeyusha alumini iliyokwishatumika kunataka takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye mawe ya mgodini. Ukoko wa ugali na makombo ya wali, ulizia ndani ya mtaa, mwenye kuku hakosekani.

Pesa ya chupa mpe Hamisi aipokee mwenyewe mkononi kwa mnunuzi, kisha aende nayo kununua chumvi ya nyumbani. Sipendelei mtoto alipwe na mama yake kwa kuokota taka za nyumbani kwao. Ukimlipa, siku huna pesa hataokota. Lakini akinunua chumvi kwa chupa, kila akila mchuzi atajua kiroba kile kilileta nini mezani.

Maganda ya mboga na matunda ndiyo mengi kuliko vyote, na kwa hayo mpokeaji wenu ni udongo. Una bahati ya miembe. Tabora nzima inafagia majani ya mwembe kila asubuhi na kuyachoma, moshi tupu. Yachukue. Tafuteni kiroba kikuukuu au ndoo iliyopasuka chini, wekeni tabaka la majani makavu, juu yake maganda, juu yake udongo kidogo, nyunyizieni maji yalowe kama kitambaa kilichokamuliwa. Rudieni hivyo kila siku. Msiweke nyama, samaki wala mafuta, mtaita panya na mbwa. Kila baada ya wiki moja au mbili pindueni. Huyo Rehema umpe kazi ya kijiti: achomeke kijiti katikati ya mboji, yaani hiyo mbolea ya maganda na majani, akikichomoa baada ya siku tatu au nne akishike. Kikiwa na joto, mboji inafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, aongeze maji. Kikinuka uvundo, aongeze majani makavu. Sijaona kitu kinachomshika mtoto mdogo kama joto lile, kwa sababu hakuna aliyewasha moto. Miezi mitatu hivi mtapanda mchicha humo humo kwenye kiroba.

Ila kutumia tena kuna hatari yake, na hapa nataka unisikilize sana. Unakumbuka mdogo wako Juma alipolazwa? Ulikuwa darasa la pili. Nilinunua mafuta ya taa ya koroboi, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikaiweka chini ya meza. Niliona nimetumia vizuri chupa ambayo mdomo wake ulikuwa umevunjika kidogo na mwenye duka ameikataa. Juma alikuwa na miaka 3. Ametoka juani anatweta kwa kiu, ameona chupa anayoijua, akanywa. Jirani mmoja alitaka kumtia kidole kooni atapike, mwingine alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Baba yako alimbeba hivyo hivyo tukakimbia hospitali. Daktari alituambia ni heri hatukumtapisha, kwa sababu mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia mapafuni, na mapafuni ndiko yanakoua. Alikohoa siku nne. Kila alipokohoa nilijua kikohozi kile nimekitengeneza mimi.

Tangu siku hiyo nyumba hii ina sharti: chombo kilichokuwa cha kunywea hakitiwi kisichonywewa, si mafuta ya taa, si dawa ya madoa, hata kwa dakika moja. Kwenu kuna la pili. Huko ni nchi ya tumbaku, na wakulima wanatumia viuatilifu. Dumu lililobeba dawa ya shambani haliji kubeba maji wala mafuta ya kula hata lioshwe mara kumi. Ukiuziwa dumu kuukuu sokoni hujui limetoka wapi, liache. Betri za tochi na za rimoti watoto wasizichezee, hasa zile ndogo bapa kama kifungo, ambazo mtoto akimeza zinaunguza koo kwa ndani. Na makopo mnayoyatunza yafunikeni au yapinduliwe. Mvua ikianza Novemba, kopo moja lililosimama wazi linatosha kulea mbu.

Plastiki msichome. Tulichoma sisi, shimo lilikuwa pale nyuma ya mpapai, nanyi mlisimama kuzunguka mnaota moto mkivuta moshi wake. Sikujua kuwa moshi ule una sumu. Sasa najua, na wewe umejua.

Mkimaliza kugawa hivyo vyote, sakafuni patabaki vitu ambavyo mkiuliza "kwa nani?" hakuna anayejitokeza. Karatasi za biskuti zinazong'aa, vipakiti vya juisi ya unga, mirija, vifuko vya karanga. Hivyo havina mbuzi wala mnunuzi. Hapo watoto hawana kosa, Asha, maana si wao wanaokwenda dukani na pochi. Ndipo somo la kupunguza linapoanza, na mwanafunzi wake ni wewe. Nunua biskuti pakiti kubwa moja, zitie kwenye kopo lenye kifuniko, wachukue mbili mbili. Chemsha maji, jaza chupa zao za shule. Badala ya juisi ya unga, maembe yapo. Ukinunua kitu, waulize hapo hapo dukani kabla hujalipa: ganda lake litakwenda kwa nani? Hamisi akisema "hakuna", mkirudisha rafuni mara moja tu akaona, atalikumbuka kuliko picha zote ulizochora.

Usiogope kwamba ni vigumu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi nzima, hapa sokoni Mwanga watu walisema hatutaweza, samaki mbichi watabebwaje. Wiki ile ile vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimetundikwa vikipata vumbi vikashushwa. Mimi nilikitoa cha marehemu bibi yako, mpini ulihitaji kushonwa tu. Baadaye vile vifuko vyepesi vinavyoonyesha ndani vikaanza kurudi kwa mlango wa nyuma, hilo linaniuma, lakini kikapu sijakiacha.

Hamisi alipokuja likizo ya Desemba alirusha chupa ziwani pale mwaloni, akaitazama inavyoelea. Sikumgombeza. Nilimwambia ziwa letu la Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, hakuna lililo refu zaidi kwenda chini duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Akaniuliza maji yanatoka humo kwenda wapi. Nikamwambia mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi hayapiti hata huko, yanapanda juu kwa jua. "Na chupa inapanda kwa jua?" Nikamwambia haipandi, na wala haiozi, inakatikakatika vipande vidogo mpaka macho hayavioni, na vinabaki mle mle wanamokaa dagaa na migebuka. Alinyamaza. Halafu akavua viatu akaingia majini kuifuata, maji magotini, mpaka mvuvi mmoja akamsogezea kwa kasia. Alirudi nayo nyumbani imelowa, akaja kuniuliza, "Bibi, hii sasa kwa nani?" Tuliitoboa kifuniko tukaitundika kwenye mpapai na kamba, ndicho kibuyu chirizi tunachonawia mikono tukitoka chooni. Bado kipo. Mwambie Bibi anaitumia chupa yake kila siku.

Kwa hiyo ndoo zako usizitupe. Ya kijani iwe ya mboji, ya bluu iwe ya chupa zinazongoja kiroba, nyekundu ndiyo ya gari. Jipimeni kwa hiyo nyekundu. Ikijaa kila siku mbili, rudini dukani mkaangalie mnanunua nini. Ikichukua wiki kujaa, Hamisi atawaona vijana wa gari wanaimwaga na hatakuwa na kitu kilichochanganywa cha kulalamikia.

Kwa treni ya wiki hii nakuletea dagaa, sado moja iliyojaa, na dumu la lita 5 la mawese. Mpokeeni kijana wa mama Zaituni stesheni, anashukia Tabora. Sado naihitaji biasharani, naomba irudi na kijana huyo huyo akipanda kurejea. Dumu ni la jirani, analitaka kabla ya msimu wa kukamua, lioshwe kwa majivu na maji ya moto. Mpe Rehema alibebe yeye mpaka stesheni, na umwambie linakwenda kwa nani.

Mama yako